Aliniambia hajaumia, nikaondoka: je, nimetoroka ajali?

Swali: Ndugu Wakili, juzi jioni nikitoka kazini kioo cha pembeni cha gari langu kilimgusa mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita kando yangu, akaanguka. Nilisimama na kuteremka. Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta suruali, akaniambia mara mbili, "Sijaumia, nenda tu." Magari ya nyuma yalikuwa yakipiga honi, basi nikarudi garini na kuondoka. Sikumpa jina wala namba ya simu, naye hakuniomba. Leo jirani yangu aliyekuwapo ameniambia kwamba kuna mtu aliyepiga picha namba ya gari langu. Naamini kosa halikuwa langu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyumba kuja upande wangu. Je, ninaweza kushtakiwa kwa kutoroka hali nilisimama? Na nikienda polisi sasa, si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe?

Jibu: Ndugu yangu, ulisimama, ukateremka na ukamjulia hali uliyemgusa, na mambo hayo matatu yatakusaidia sana kama shauri hili litafika mbele ya hakimu. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, yawezekana kabisa kwamba umetenda kosa, kwa sababu kusimama ni sehemu ya kwanza tu ya wajibu ambao sheria humwekea dereva baada ya ajali. Watu wengi wakisikia neno "kutoroka" hufikiria dereva aliyekanyaga mafuta na kupotea gizani akiwa amezima taa. Mbele ya sheria mtu anaweza kutoroka polepole, kioo kikiwa wazi, akiwa amemuaga vizuri aliyemgonga.

Sehemu kubwa ya barua yako inahusu nani aliyeyumba, na hapo ndipo naona unapojipoteza. Sheria hutenganisha maswali mawili: nani alisababisha ajali, na kila mmoja alifanya nini baada yake. Swali la kwanza linaweza kukutoa bila lawama yoyote, na bado la pili likakutia hatiani. Sheria ya Uingereza ya Usalama Barabarani ya mwaka 1988, katika kifungu cha 170, inaanzisha wajibu wa dereva pale ajali inapotokea kwa sababu ya kuwapo kwa gari barabarani. Maneno hayo yamechaguliwa kwa makusudi, kwa maana hayasemi "kwa uzembe wa dereva" wala "kwa kosa lake". Yaliandikwa hivyo kwa sababu anayepaswa kuamua kosa ni la nani si dereva mwenyewe akiwa bado ameshika usukani, na hakuna atakayeweza kuamua kwa haki ikiwa mmoja wa wahusika hajulikani ni nani wala yuko wapi.

Hukutaja uko nchi gani, lakini mfumo wa wajibu huu unafanana mahali pengi kiasi kwamba naweza kukueleza bila kukupotosha. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unaupanga katika kifungu chake cha 31. Mhusika wa ajali asimame mara anapoweza kufanya hivyo bila kuzusha hatari nyingine. Ahakikishe usalama wa wengine barabarani. Akiombwa, ajitambulishe kwa wahusika wenzake. Na ikiwa kuna aliyejeruhiwa au kufariki, awajulishe polisi na abaki hapo hadi wafike, isipokuwa wamemruhusu kuondoka, au anaondoka kumsaidia majeruhi, au yeye mwenyewe anahitaji matibabu. Kama ni mali tu iliyoharibika na mwenyewe hayupo, dereva afanye kila awezalo kumfikishia jina na anwani, moja kwa moja au kupitia polisi. Nchi hutofautiana katika muda, katika namna ya kutoa taarifa na katika ukali wa adhabu, lakini karibu kila mahali utakuta mambo haya yamewekwa sheria kwa maneno yake.

Sasa tuje kwenye "Sijaumia, nenda tu", maneno ambayo bila shaka unayategemea sana. Ninayaona katika mashauri ya aina hii mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote, na karibu kila mara aliyeyasema hakuwa akidanganya, bali alikuwa hajui. Mtu aliyeanguka ghafla hujaa homoni ya adrenalini, nayo huficha maumivu kwa muda. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuanza kujionyesha saa kadhaa baadaye kwa kichwa kuuma, kutapika au kuchanganyikiwa. Na ufa mdogo wa mfupa wa kiganja hudhaniwa kuwa ni mteguko wa kawaida hadi asubuhi mkono unapokuwa umevimba. Hilo ni la kitabibu. La kisheria ni kwamba wajibu wako wa kutoa taarifa hautokani na majeruhi peke yake, hivyo yeye hana uwezo wa kukuondolea wote kwa neno la mdomo pale barabarani. Na kama aliyeanguka ni mtoto, maneno hayo hayana uzito wowote wa kuutegemea, hata ayarudie mara kumi.

Kwamba hakukuomba jina nako hakukuokoi kama unavyodhani. Chini ya sheria ile ya Uingereza, dereva hutakiwa kutoa jina lake, anwani yake, jina la mwenye gari na namba ya usajili pale anapoombwa na mtu mwenye sababu ya msingi ya kuomba. Ukiishia hapo utafurahi. Lakini kifungu kinaendelea: ikiwa kwa sababu yoyote ile jina na anwani havikutolewa, dereva lazima atoe taarifa kituo cha polisi au kwa askari mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. "Kwa sababu yoyote ile" inamhusu hata ambaye hakuombwa. Tena saa 24 hizo si likizo. Mahakama za huko zimeeleza kwamba aliyeweza kufika kituoni baada ya saa moja, akaamua kula, kulala na kwenda kesho yake, amevunja sheria hata kama alifika saa ya 20. Ikiwa mtu ameumia, kuna na nyongeza ya kuonyesha cheti cha bima.

Kuna utetezi mmoja ambao madereva huupenda, wa kusema kwamba hawakujua kuwa wamegonga, na si utetezi wa bure. Mwaka 1948 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Harding dhidi ya Price, ilimwondolea hatia dereva wa gari lenye tela ambalo liliparuza gari lililosimama, huku kelele za gari lake zikiwa zimemzuia kusikia chochote. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu hawezi kutoa taarifa ya jambo asilolijua. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba hakujua ulikuwa wa dereva mwenyewe, na baadaye mahakama zikafafanua kwamba anayepata habari ya ajali yake ndani ya muda wa kutoa taarifa anapaswa kuitoa. Kwako wewe mlango huu umefungwa. Uliteremka, ukamwona akijikung'uta, mkazungumza; shahidi yeyote aliyekuwa nyuma yako akipiga honi atasema hivyo.

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa kuwa wengi hukutana na hali hii zaidi kuliko yako: umeparuza gari lililoegeshwa, mwenyewe hayupo, unaacha kikaratasi chini ya waipa. Je, kinatosha? Katika jimbo la California, sheria inaruhusu kuacha maandishi mahali panapoonekana wazi, yenye jina, anwani na maelezo ya kilichotokea, ila bado unatakiwa kuwajulisha polisi bila kuchelewa. Ujerumani kikaratasi hicho hakikuondolei wajibu: unapaswa kusubiri muda unaostahili kulingana na mazingira, na mwenye gari asipotokea, uwafikishie taarifa yeye au polisi bila kukawia. Nadhani Wajerumani wana sababu nzuri, maana karatasi hupeperushwa na upepo na kuloa mvua, na kila aliyekamatwa baadaye huapa kwamba aliacha moja. Kuhusu wanyama, sheria ya Uingereza inaorodhesha wale ambao kuwagonga kunaleta wajibu huu: farasi, ng'ombe, punda, nyumbu wa kufugwa, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo, na wapenda paka wamelalamika kwa miaka mingi.

Adhabu zinatofautiana kwa kiwango kinachoshangaza. Uingereza, kosa lenyewe la kutosimama au kutotoa taarifa lina kifungo kisichozidi miezi 6, faini, na pointi 5 hadi 10 kwenye leseni, au kunyang'anywa leseni kabisa; na anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida hufungiwa kuendesha kwa angalau miezi 6. Ujerumani, kifungu cha 142 cha Sheria ya Adhabu kinaruhusu kifungo hadi miaka 3 au faini, na anayeondoka huku akijua kwamba mtu ameumia vibaya au amefariki hutazamwa kwa kawaida kama asiyefaa kushika usukani, hivyo leseni hufutwa. California, kuondoka kwenye ajali iliyosababisha kifo au ulemavu mkubwa wa kudumu kunaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 2, 3 au 4, na aliyekimbia baada ya kuua kwa uendeshaji wa uzembe mkubwa huongezewa 5 juu ya adhabu ya kuua. Japani, dereva aliyemjeruhi mtu kwa uendeshaji wake kisha asimsaidie anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kanada imefika mbali zaidi: hadi miaka 10 kwa kosa la kawaida, hadi 14 mtu akiwa amejeruhiwa, na kifungo cha maisha ikiwa amefariki.

Usitishike na tarakimu hizo ukadhani zote zinakusubiri wewe. Ni viwango vya juu kabisa, na hakimu hupima mwenendo wa mshtakiwa. Dereva aliyesimama, akauliza, kisha akakosea kuondoka mapema yuko mbali mno na aliyemwacha mtu akivuja damu.

Inafaa ujue kwa nini sheria ina hasira na kosa hili, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kuelewa polisi watakuuliza nini. Shuku ya kwanza dhidi ya anayeondoka ni pombe. Mwili wa kawaida huondoa takriban miligramu 15 za pombe katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Dereva aliyekuwa na miligramu 110, kwenye nchi yenye kikomo cha 80 kama Uingereza, akijificha saa 3 tu atapimwa akiwa salama. Kama adhabu ya kutoroka ingekuwa ndogo daima kuliko ya kuendesha akiwa amelewa, sheria ingekuwa inamshauri mlevi akimbie. Wapo hata wanaofika nyumbani na kujimiminia chupa mbele ya mashahidi, ili waseme kwamba pombe iliyomo ni ya baada ya ajali. Mabunge kadhaa yameligundua hilo na kumwachia dereva kazi ya kuthibitisha kiasi alichokunywa baadaye. Kwa hiyo usistaajabu wala usikasirike ukiulizwa ulikuwa unatoka wapi na ulikunywa nini. Jibu kwa utulivu, au kupitia wakili wako.

Hapo tunafika kwenye hofu yako ya kujishtaki, ambayo ni hofu ya haki na imeshawahi kupelekwa katika mahakama kubwa. Mwaka 1971, katika shauri la California dhidi ya Byers, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja kwamba kumlazimisha dereva asimame na kutaja jina lake kunavunja haki ya kutojitia hatiani. Kutaja jina si kukiri kosa. Kanada ililitazama jambo hilo kutoka upande wa pili mwaka 1999 katika shauri la White: dereva alitoa maelezo kwa polisi akiamini kwamba sheria ya kuripoti ajali inamlazimisha, na Mahakama ya Juu ikasema maelezo yaliyotolewa kwa kulazimishwa namna hiyo hayawezi kutumika dhidi yake katika kesi ya jinai. Ukiyaweka mashauri hayo mawili pamoja unapata mstari ulio wazi kiasi. Wajibu ni kujitambulisha na kueleza kwamba ajali ilitokea, wapi na lini. Ubishi wa nani aliyeyumba, mwendo uliokuwa nao na kama ulikuwa ukitazama simu ni mambo mengine, na kwa hayo una haki ya kusubiri ushauri kabla hujafungua kinywa.

Mwenye gari naye ajue kwamba hawezi kukaa kimya kama gari lilikuwa mikononi mwa mwingine. Uingereza humtaka amtaje dereva ndani ya siku 28, la sivyo anahukumiwa yeye kwa kutomtaja, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali utaratibu huo mwaka 2007. Kukiwa na picha ya namba ya gari, basi, umbali kati ya mwendesha baiskeli na mlango wako ni barua moja tu.

Kuna hasara nyingine ambayo haipiti mahakama ya jinai, nayo ni ya bima. Mkataba wa bima ya gari humtaka mteja aijulishe kampuni mapema na asiharibu uwezo wake wa kuchunguza ajali, na kuondoka bila kujitambulisha kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuvunja sharti hilo. Mara nyingi majeruhi hulipwa hata hivyo, kwa kuwa bima ya lazima ipo kwa ajili yake. Kisha kampuni humgeukia dereva na kumdai. Ujerumani imeweka ukomo wa madai hayo kwa bima ya lazima, euro 2,500 kwa kawaida na 5,000 kwa makosa mazito, lakini si kila nchi ina huruma hiyo. Pale dereva asipopatikana kabisa, nchi nyingine zina mfuko maalumu wa kuwalipa waathiriwa. Uingereza ina Motor Insurers' Bureau tangu mwaka 1946. Katika kesi ya madai, kuondoka peke yake hakuthibitishi kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali, ila humpa wakili wa upande wa pili swali ambalo ni gumu sana kulijibu ukiwa kizimbani: kama hukuwa na kosa, uliondoka kwa nini? Na kama hali ya majeruhi ilizidi kuwa mbaya kwa kukosa msaada, unaweza kudaiwa fidia ya madhara hayo ya nyongeza.

Wapo wanaoondoka kwa sababu za haki: kumkimbiza majeruhi hospitali, au kuokoa maisha yao mbele ya umati wenye hasira. Kuhusu hili la pili, India ni mfano unaonifikirisha. Kanuni yao mpya ya adhabu, kifungu cha 106(2), iliweka kifungo hadi miaka 10 kwa dereva aliyeua kwa uzembe kisha akatoroka bila kuwaarifu polisi au hakimu. Madereva wa malori waligoma mwanzoni mwa Januari 2024 wakisema kwamba anayebaki hupigwa, na kanuni ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 kifungu hicho kidogo kiliwekwa kando. Binafsi naona hoja ya madereva ilikuwa nusu kweli. Hofu ya kupigwa inaeleza kwa nini mtu alitoka pale. Haielezi kwa nini hakwenda kituo cha polisi cha jirani moja kwa moja. Mahakimu hutazama njia aliyoshika dereva baada ya kuondoka: je, ilimpeleka kituoni, au ilimpeleka nyumbani?

Kwa upande wako, honi za magari ya nyuma haziingii katika sababu hizo. Ungeweza kusogeza gari pembeni na kurudi kwa miguu.

Basi, fanya hivi, na ufanye leo. Kwanza andika kwa mkono wako kila unachokikumbuka: saa, mahali, upande aliokuwa, alivyoanguka, alichosema, alivyovaa, kama alipanda baiskeli tena au aliikokota. Hilo la mwisho lina maana kuliko linavyoonekana, kwa maana anayeikokota baiskeli yake huenda goti halikuwa zima, au gurudumu lilikuwa limepinda, na uharibifu wa baiskeli peke yake unatosha kuzaa wajibu wa kutoa taarifa. Karatasi hiyo ni ya wakili wako, si ya polisi. Usifute alama iliyopo kwenye kioo, usikibadilishe, usilioshe gari. Kitu kidogo kama mchirizo wa rangi ya usukani wa baiskeli kinaweza kuthibitisha kwamba mligusana kwa mwendo mdogo, jambo ambalo ni la faida kwako. Kama gari lina kamera, hifadhi picha zake kabla hazijafutika zenyewe, maana nyingi hurekodi juu ya za zamani.

Kisha mpigie wakili, na mwende pamoja kituoni. Usitume mtu, usitegemee simu. Sema wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha, toa leseni na hati ya bima, eleza kwamba ulisimama na kuzungumza na mwendesha baiskeli, na kwamba umekuja kutoa taarifa ambayo ulipaswa kuitoa mapema. Usitunge kisingizio cha kuchelewa. Muda wa kisheria umeshapita katika nchi nyingi, na kwenda sasa hakufuti kosa lililokwisha timia. Hata Ujerumani, ambako sheria inamruhusu hakimu kupunguza au kusamehe adhabu ya anayejitokeza kwa hiari ndani ya saa 24, nafuu hiyo ni kwa uharibifu mdogo wa mali katika ajali isiyo ya magari yanayotembea, kama pale kwenye maegesho. Lakini kati ya dereva aliyefika mwenyewe siku ya pili na yule aliyefuatwa kwa namba ya gari siku ya tano, waendesha mashtaka huona watu wawili tofauti, na mara nyingine wa kwanza hapelekwi mahakamani kabisa.

Taarifa ya bima iandike siku hiyohiyo, fupi, bila neno "kosa" upande wowote. Na mwendesha baiskeli akipatikana, usimtafute peke yako kwa nia ya kumlipa ili anyamaze, hata kama unataka tu kumpa pole. Fedha iliyotolewa kabla ya taarifa ya polisi inaweza kutafsiriwa kuwa ni kumshawishi shahidi, na hilo ni kosa jingine, zito kuliko hili ulilonalo. Pole yako itafika vizuri zaidi kupitia wakili au askari anayeshughulikia shauri, pamoja na jina na namba ya simu ambavyo ulipaswa kumwachia juzi jioni.